Amri bila maji haizuii ugonjwa: funzo la Sake

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliwaamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma waondoke bila kukawia. Njia waliyoonyeshwa ilikuwa barabara ya Sake. Kwa saa chache barabara hiyo ya kilometa zipatazo 25 ikajaa magari, pikipiki, chukudu na watu wa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mashirika ya misaada yalikadiria kwamba watu karibu 400,000 walihama. Wengine walivuka ziwa kwenda Bukavu, wengine walielekea Rutshuru au Rwanda. Lakini makumi elfu walisimama Sake, wakalala katika shule, makanisa, kwenye baraza za maduka na ndani ya nyumba za wenyeji.

Ilikuwa wakati wa Covid-19. Tangu Machi 2020 serikali hiyo hiyo ilikuwa inatuambia: msikusanyike, msikaribiane, naweni mikono kila mara, vaeni barakoa. Rais Félix Tshisekedi alikuwa amekataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, akafunga shule, makanisa na baa, kisha tarehe 24 Machi 2020 akatangaza hali ya dharura. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, amri nyingine ikafanya kinyume cha ile ya kwanza: ikawakusanya watu wa mji mkubwa ndani ya mji mdogo, mahali ambapo hata wenyeji wenyewe walikuwa wanahangaikia maji.

Sisemi kwamba amri ya kuhama ilikuwa kosa. Wataalamu walihofia magma chini ya mji na chini ya ziwa, na kiongozi anayengoja watu wafe ndipo aamue hatufai. Ninalosema ni hili: amri ya afya isiyokuja na maji, chakula na ukweli bado haijawa siasa ya afya. Inamtwika raia mzigo ambao serikali imeshindwa kuubeba, na ugonjwa ukienea anayelaumiwa ni raia. Katika jimbo letu, Sake ndiyo inayoonyesha jambo hilo wazi zaidi.

Mji unaopokea kila mtu

Asiyeijua Sake anaweza kufikiri ni kijiji cha kupita tu. Sake ni njia panda. Barabara moja inapanda Masisi na kuendelea hadi Walikale. Nyingine inafuata ziwa kupitia Kirotshe na Bweremana hadi Minova, na mbele zaidi Bukavu. Ya tatu inashuka Goma. Maharagi, viazi, makala, ng'ombe na jibini ya Masisi vinapita pale kabla ya kufika kwenye masoko ya Goma. Vita vikiwaka milimani, watu wanashuka Sake kwanza, ndipo wafikirie pa kwenda.

Kwa hiyo ugonjwa nao unapita njia hiyo hiyo. Anayetaka kujua afya ya Goma itakuwaje mwezi ujao atazame Sake leo. Lakini tukiangalia jinsi mipango ya dharura inavyofanywa, tunaona mambo kinyume. Ofisi ziko Goma, magari yako Goma, mikutano inafanyika katika hoteli za Goma. Sake inakumbukwa siku inapohitajika kupokea watu, na ikishawapokea inasahauliwa.

Mwezi Mei 2021 wageni wengi hawakuwekwa katika kambi. Walipokelewa katika familia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sake haikuwapa wageni wake jembe. Iliwapa nusu ya sombe, nusu ya sambaza na nusu ya kitanda, kwa siku zaidi ya kumi, mpaka Waziri Mkuu Sama Lukonde alipotangaza tarehe 7 Juni kwamba watu wataanza kurudi Goma kwa awamu.

Tufanye hesabu ndogo ya bidoni. Viwango vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani vinasema kila mtu anahitaji angalau litre 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Familia ya watu wanane inahitaji litre 120, yaani bidoni sita za litre 20. Ikipokea wageni saba, wanakuwa watu 15, na maji yanayohitajika yanafika litre 225, bidoni zaidi ya 11. Nani anazibeba? Mama wa nyumba na watoto wake, wakiwa wamepiga foleni kwenye robine moja pamoja na mtaa mzima. Robine ikikauka, wanakwenda ziwani.

Sasa mwambie mama huyo anawe mikono kwa sabuni kila mara. Atakusikiliza kwa adabu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Lakini akiwa na bidoni moja mkononi, atachagua kupika fufu. Huo si ujinga. Ni hesabu ileile ambayo waziri yeyote angeifanya akiwa mahali pake.

Na maji hayakuwa shida ya Sake peke yake. Lava ilikuwa imevunja mabomba na tanki la maji upande wa Goma, na shirika la MSF lilisema karibu watu nusu milioni walikuwa hawana maji safi ya kunywa. Kwa hiyo watu walitoka mji uliokosa maji wakaingia mji usio na maji ya kutosha. Haikushangaza kwamba wasiwasi mkubwa wa waganga katika siku zile haukuwa Covid-19 tu. Ulikuwa kipindupindu.

Tulishaonywa mwaka 1994

Wakubwa wetu wanakumbuka Julai 1994. Katika siku chache, wakimbizi wa Rwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma na kandokando yake. Ardhi ni mawe ya lava: kuchimba choo ni taabu, kuchimba kaburi ni taabu. Watu walichota maji ya ziwa na kuyanywa vile vile. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Moja ya kambi kubwa za wakati ule, Mugunga, ilikuwa kwenye barabara hii hii ya Goma na Sake.

Kipindupindu hakina siri. Kinaingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Mgonjwa anakauka kwa saa chache, na kinachomwokoa ni kurudishiwa maji yenye chumvi na sukari upesi, kwa mdomo au kwa mshipa. Kinga yake ni maji yaliyotiwa klorini, vyoo na sabuni. Kwa hiyo tangu mwaka 1994 tunajua adui ni nani na anaingia kwa mlango upi. Mwezi Desemba 2022 ugonjwa ulitangazwa tena karibu na Goma, katika kambi za watu waliokimbia vita Rutshuru na Nyiragongo. Karibu miaka 30 imepita, na mlango ni ule ule.

Watu wa klorini wanakuja ziwani kesi zikianza, wanasimama na mabomba yao ya sindano, wanatilia dawa kila bidoni inayopita. Wanafanya kazi njema sana. Mradi ukiisha wanaondoka, na ziwa linabaki kama lilivyokuwa. Kama mtu angezima moto kila wiki bila kuondoa petroli iliyomwagika sebuleni, tungemuita namna gani?

Jambo hili halihusu maji tu. Volkano yenyewe ilikuwa hivyo. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilipoteza msaada wa pesa wa Benki ya Dunia mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko hakikuweza kupokea vizuri habari za vyombo vyake kwa sababu ya kukosa intaneti. Pesa ya kuzuia inakatwa kwanza, kisha pesa ya msiba inatafutwa kwa mbio.

Watu si wakaidi, wamedanganywa mara nyingi

Kuna neno ambalo viongozi wanapenda kulisema ugonjwa unapoenea: raia ni wakaidi, hawaamini. Neno hilo linastahili kujibiwa kwa mambo tuliyoyaona.

Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuambukiza watu 3,470 na kuua 2,287. Katikati ya ugonjwa huo, mwezi Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha uchaguzi katika Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, lakini kupiga kura ndiko kukaonekana hatari. Tarehe 30 Desemba, Wacongo wengine walipokuwa wanapiga kura, wakaaji wa Beni walijipangia uchaguzi wao wa kuonyesha tu: walipiga foleni, wakanawa mikono, wakatumbukiza karatasi zao. Watu wanaonawa mikono kabla ya kupiga kura ambayo hawatahesabiwa hawawezi kuitwa wakaidi. Walikuwa wameelewa Ebola vizuri. Walichokataa ni kuona ugonjwa unatumiwa kwa kazi nyingine.

Na imani ikivunjika, anayelipa si mkubwa aliyetoa amri. Anayelipa ni mganga aliye mbele. Dokta Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019 akiwa kazini hospitalini. Hakuna hasira inayohalalisha damu hiyo, na waliomwaga damu hiyo ndio wenye lawama. Lakini serikali inayocheza na imani ya watu inawaacha waganga wake bila ngao.

Halafu kuna pesa. Tarehe 23 Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano kwa kutumia vibaya zaidi ya dola 400,000 za kupambana na Ebola. Yeye mwenyewe alikana. Kesho yake, tarehe 24, rais akatangaza hali ya dharura ya Covid-19 na kuomba wananchi waiamini serikali. Hatukuhitaji mtu wa nje atuambie kwa nini watu wa Masisi walitikisa kichwa.

Chanjo nayo ilifuata njia hiyo. Tarehe 2 Machi 2021 nchi ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca. Serikali ikasita, kampeni ikaanza tarehe 19 Aprili tu, na dozi karibu milioni 1.3 zikabidi zipelekwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Rais mwenyewe alichanjwa Septemba 2021. Mkubwa akisita miezi sita, mama wa sokoni akisita wiki moja anaitwa mkaidi?

Kuna hasara nyingine ambayo haikuandikwa katika takwimu za Covid-19. Mpaka wa Goma na Gisenyi ulipofungwa mwezi Machi 2020, wanawake wanaopita Petite Barrière kila asubuhi na mboga, nyanya na mayai walipoteza mtaji kwa siku chache. Huku kwetu wengi wanakula walichopata siku ile ile. Kumwambia mtu wa namna hiyo abaki nyumbani bila kumpa hata kilo ya unga ni kumwambia achague kati ya njaa ya hakika na ugonjwa wa labda. Amechagua, na asingeweza kuchagua vingine.

Goma ilikimbilia Sake, Sake ikakimbilia Goma

Mwezi Februari 2024 mambo yaligeuka. Vita kati ya jeshi na M23 vilifika kwenye vilima vya Sake, mabomu yakaanguka, na wenyeji wakashika barabara ile ile kwenda upande wa pili. Waliopokea wageni mwaka 2021 walikuwa sasa wakimbizi wa ndani, chini ya turubai za Bulengo, Lushagala na kambi nyingine karibu na Goma, pamoja na watu wa Masisi waliowatangulia.

Ndipo ikaja mpox. OMS iliitangaza kuwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, baada ya aina mpya ya virusi kuonekana Kamituga, katika Kivu ya Kusini. Ugonjwa huu unaambukiza kwa kugusana. Katika hema ambamo familia nzima inalala kwenye turubai moja, amri ya kutogusana inachekesha na kuliza. Tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo ilizinduliwa Goma, na hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini mwezi Januari 2025 Sake ikaingia mikononi mwa M23, na siku chache baadaye Goma. OMS ilisema kwamba kati ya wagonjwa 143 wa mpox waliokuwa wametengwa katika vituo vya Goma na kandokando, 128 walilazimika kukimbia. Mwezi Februari kambi zikavunjwa, watu wakarudi Sake na Masisi. Wengi walikuta nyumba bila mabati, na zingine bila kuta. Walirudi na watoto, masufuria, na bila shaka wengine walirudi na ugonjwa. Je, kuna ofisi iliyowafuata kwa maji na dawa kwa kasi ile ile waliyoambiwa waondoke nayo?

Mwezi Septemba 2025 OMS ilisema mpox si dharura ya dunia tena. Huko Geneva wanaweza kufunga faili. Kwetu robine bado ni ile ile.

Tunaomba nini

Mtu ataniuliza: nchi iko vitani, pesa zitoke wapi? Ni swali la haki. Lakini pesa za msiba zinapatikana kila mara, na msiba ni ghali kuliko kinga. Hatuombi hospitali ya ghorofa kumi. Tunaomba mambo matano, na yote yanawezekana.

Kwanza, Goma na Sake zipangiwe afya kama mji mmoja wenye ncha mbili. Kila mpango wa dharura wa Goma uandike wazi watu watakaokwenda Sake watakunywa nini, na kila mpango wa Sake useme watu watakaokwenda Goma watatibiwa wapi. Zone ya afya ya Kirotshe, ambamo Sake iko, iwe na dawa, turubai na klorini ghalani kabla ya msiba, si baada.

Pili, sehemu za kutilia maji klorini pale wanapochota ziwani zifanye kazi mwaka mzima, na robine ziongezwe. Mradi wa miezi mitatu hauwezi kushinda ugonjwa wa miaka 30.

Tatu, msaada ufike pia katika nyumba inayopokea. Orodha ya wakimbizi iandikwe pamoja na orodha ya waliowafungulia mlango, avenue kwa avenue, na mashefu wa mitaa waisome mbele ya watu wote ili jina la uongo lionekane.

Nne, RECO, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakieleza ugonjwa, walipwe. Ni wao walioaminiwa wakati magari yenye bendera yalirushiwa mawe. Huwezi kujenga afya ya jimbo juu ya mgongo wa watu wanaofanya kazi kwa kofia na fulana.

Tano, anayetoa amri aseme ukweli wote. Mwezi Mei 2021 watu waliambiwa waende, lakini hawakuambiwa watalala wapi, watakaa siku ngapi, wala ni mabonde gani ya kuepuka usiku kwa sababu ya mazuku, ile hewa inayoua bila harufu. Na pesa ikija kwa jina la Sake, kiasi chake na matumizi yake yabandikwe ukutani sokoni, kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mama anaweza kusoma au kusomewa.

Maombi haya yanamhusu kila anayeshika madaraka juu ya barabara hii, leo na kesho, awe ametumwa na Kinshasa au amekuja na bunduki. Virusi haviulizi bendera gani inapepea kwenye kizuizi. Mganga apite, mgonjwa asiguswe, dawa isigeuzwe mali ya biashara au ya vita.

Wenyeji nao wana kazi yao, na wanaijua: kusafisha chanzo cha maji, kuchimba choo cha pamoja pale ambapo mawe yanaruhusu, kumpeleka mgonjwa mapema badala ya kumficha. Watu waliogawa kitanda chao na wageni katikati ya Covid-19 hawahitaji kufundishwa mshikamano. Wanahitaji bidoni iliyojaa maji safi.

Ugonjwa mwingine utakuja. Jina lake hatulijui, lakini barabara utakayopita tunaijua, na nyumba zitakazoufungulia mlango tunazijua pia. Siku mkubwa atakaposimama tena redioni kuwaambia watu waende Sake, aanze kwa kusema ni bidoni ngapi za maji zinawangoja huko.